Chagua Kisingizio Kwanza: Mwongozo wa Kununua Hachibeki Kali, Yenye Turbo au Isiyo Nayo

Kama umefikia hatua ya kuuliza ununue hachibeki yenye turbo au isiyo na turbo, tukubaliane mapema: gari huhitaji. Mwenye kuhitaji gari hununua IST akaenda zake kazini. Wewe unatafuta kitu kingine. Unataka gari fupi lenye nafasi nyuma ya kuweka gunia la mchele, ili nyumbani wasilalamike, lakini ukikanyaga mafuta liondoke kama limetukaniwa mama. Hilo ni hitaji la moyo, na mahitaji ya moyo hayatolewi risiti.

Sijaja kukuzuia. Nimekuja kukuandaa, maana nimekaa na watu wa pande zote mbili muda wa kutosha kujua kwamba kinachowatofautisha hakiko chini ya boneti. Kiko mdomoni. Mwenye turbo ana visingizio vyake, asiye na turbo ana vyake, na kila upande umevipanga vizuri: vina namba, vina tarehe, vina hadi sayansi. Ukinunua gari la upande huu ukajitetea kwa maneno ya upande ule, utaumbuka mbele ya fundi. Na fundi ndiye mtu wa mwisho unayetaka akucheke, kwa sababu ndiye atakayekupangia bei.

HATUA YA KWANZA: JUA MNABISHANIA NINI

Injini yoyote ya petroli ni pampu ya hewa. Hewa ikiingia nyingi, mafuta mengi yanaweza kuungua nayo, na nguvu inapatikana. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe: pistoni inashuka, inaacha nafasi, hewa ya nje inajaza. Ikitaka nguvu zaidi ni lazima ivute mara nyingi zaidi kwa dakika, ndiyo maana hupiga kelele. Turbo ni ujanja wa namna nyingine. Moshi ambao ungepotea bure kwenye ekzosi unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeungwa kwa shafti na feni ya upande wa pili, na feni hiyo ndiyo inayoshindilia hewa ndani ya injini. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili ileile ya injini. Oili hiyo iweke akilini. Tutakutana nayo tena, na hatutafurahi.

Wasio na turbo watakuambia wao ndio wenye dini ya asili. Hapo hawadanganyi sana. Volkswagen ilipoonyesha Golf GTI jijini Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuiuza mwaka uliofuata, ndani yake mlikuwa na injini ya lita 1.6 yenye farasi 110, na turbo haikuwemo. Kampuni ilipanga kutengeneza 5,000 tu. Ikaishia kuuza mamia ya maelfu. Peugeot 205 GTI ya 1984, ambayo wazee wa Ulaya huitaja kwa sauti ya msibani, nayo haikuwa na turbo. Halafu kuna Honda Civic Type R ya kwanza, ya 1997, iliyotoa farasi 185 kutoka lita 1.6 bila msaada wa feni yoyote. Sharti lake ni moja: ukiwataka farasi wote, uizungushe injini hadi mizunguko 8,200 kwa dakika, kiwango ambacho injini ya kawaida ingekuwa imeshaandika wosia.

Watu wa turbo watakujibu kwa Renault. Renault 5 Turbo ilitoka 1980, ikafuatiwa na 5 GT Turbo mwaka 1985. Turbo za zama zile ukizikanyaga zilikaa kimya kwanza, zikitafakari ombi lako, kisha jibu likaja lote kwa mkupuo, mara nyingi ukiwa katikati ya kona. Huko ndiko turbo ilikopatia jina baya. Za leo ni ndogo na nyepesi, huamka mapema, na kule kusubiri kumepungua mno. Lakini usimwambie mtu wa upande wa pili. Yeye bado anaishi mwaka 1985, na ana amani.

Mwishowe ugomvi huu haukuamuliwa na madereva hata kidogo. Uliamuliwa na Umoja wa Ulaya, uliowawekea watengenezaji kikomo cha wastani cha hewa ukaa kwa magari mapya: gramu 130 kwa kilomita kufikia 2015, kisha 95. Injini ndogo yenye turbo ikipimwa maabara kwa mguu mpole huonekana mtoto mwema. Golf GTI ilikuwa imeshaonja turbo tangu kizazi cha nne, 1998. Renault Clio RS ikafuata 2013. Civic Type R, iliyokuwa imeshika msimamo kuliko wote, ikasalimu amri 2015: lita 2, turbo, farasi 310. Kwa hiyo kisingizio cha kwanza cha asiye na turbo kiko tayari, tena kizuri: "Hizi hazitengenezwi tena." Kinafanya kazi kwa mwenza, kwa baba mkwe na kwa afisa mikopo, ingawa huyo wa mwisho anaweza kukugeuzia kibao, maana kitu kisichotengenezwa tena spea zake nazo zina tabia hiyohiyo.

HATUA YA PILI: PIMA KIMO CHA NYUMBANI KWAKO

Hapa watu wengi hubishana usiku kucha bila kujua kwamba mmoja anaishi Tanga na mwingine Mbeya.

Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ziko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake, na Mbeya 1,700 hivi. Kwenye vimo hivyo, hewa inayoingia kwenye injini imepungua kwa takribani sehemu moja ya sita. Injini isiyo na turbo haina la kufanya, inavuta kilichopo. Chukua Toyota Corolla RunX, ile ya Z, yenye injini ya lita 1.8 iliyoundwa kwa ushirikiano na Yamaha. Kwenye karatasi ina farasi 190. Itoe Dar alfajiri, ukwee nayo Kitonga, ukalale Iringa, kesho yake uingie Mbeya. Ukifungua boneti pale Mwanjelwa, farasi kama thelathini hawamo. Wameshuka njiani, wengine Chalinze, wengine Mikumi, na nauli hawakurudishiwa.

Turbo huwa na jibu. Hewa ikiwa nyepesi, feni inazungushwa kwa kasi zaidi, na shinikizo linalofika kwenye silinda linabaki karibu na lile la pwani. Ugunduzi huu si wa vijana wa Nairobi wenye Golf. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege, iitwayo Liberty, hadi kileleni Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,300, ili athibitishe kwamba turbo inaweza kurudisha nguvu iliyonyang'anywa na mlima. Ikairudisha. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi, Nakuru, Eldoret, Mbeya au Njombe ana kisingizio cha turbo chenye umri wa zaidi ya miaka mia: hii si anasa, ni afya. "Mama Neema, unajua huku kwetu hewa ni nyepesi." Sema kwa huzuni, kama mtu aliyetoka kupewa majibu ya hospitali.

Wa pwani, geuza karata. Hewa nzito ya bahari ni yako bure, kila siku, bila kodi. Ya nini kununua mashine ya kushindilia kitu ulichojaaliwa? Tena una joto. Hewa ikiongezeka nyuzi joto kumi hupoteza kama asilimia tatu ya uzito wake, na turbo yenyewe, inaposhindilia hewa, huipasha zaidi. Ndiyo maana mbele ya gari kuna intakula, ile rejeta ya kupooza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Intakula hupozwa na upepo wa mwendo. Sasa niambie, saa nane mchana mwezi Januari, kwenye foleni ya Mandela, upepo wa mwendo unatoka wapi? Kompyuta ya gari ikiona hewa imechemka hupunguza nguvu kimyakimya ili kuilinda injini, nawe unabaki umekalia gari ghali lililoamua kupumzika. Injini isiyo na turbo nayo inaumia na joto, sikatai, ila haina intakula ya kuchemka, na katika ubishi hilo linatosha.

Kuna kisingizio kimoja cha mlimani nakuonya nacho. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, Sébastien Ogier alishinda na Toyota Yaris. Mwaka uliofuata Toyota ikachukua nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiwa mbele. Tangu hapo kila anayeitamani GR Yaris, ile ya silinda tatu, lita 1.6 na turbo, anasema anataka "gari la Safari". Gari la dukani ni zuri kweli, na lilizaliwa kwa sababu ya rali. Lakini lile lililoshinda 2022 lilikuwa na fremu ya mabomba na mota ya umeme ndani yake. Wewe na Rovanperä mnachangia sura ya taa za mbele, na vumbi ukijitahidi.

HATUA YA TATU: WEKA SWIFT MBILI PAMOJA

Ukitaka kuona ugomvi wote ndani ya gari moja, tafuta Suzuki Swift Sport. Kizazi kilichotangulia 2017, ambacho wenyewe hukiita ZC32S, kina injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, farasi 136. Kilichofuata, ZC33S, kina lita 1.4 na turbo, farasi 140. Farasi wanne! Kwenye karatasi ya dalali hilo si jambo la kugombanisha ndugu.

Ila tazama chini ya mstari huo. Nguvu ya kuvuta, ile inayokusukuma mgongo kwenye kiti, ni nyutoni mita 160 kwa ya zamani na 230 kwa mpya. Halafu tazama inakopatikana. Yenye turbo inakupa hizo 230 zote kwenye mizunguko 2,500, pale unapokuwa bado unatafuta kituo cha redio. Isiyo na turbo inakutaka upande hadi 6,900 ili uwaone farasi wake wote 136. Na kwa kuwa maisha hayana haki, ile mpya ni nyepesi kwa kilo kama sabini.

Mtu mwenye akili angeishia hapa na kununua yenye turbo. Ndiyo maana mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yake.

Maana asiye na turbo atakuambia, macho yakiwa mbali, kwamba nguvu ya bure haina ladha. Kwamba ya kwake inajengwa polepole, mlio unapanda, sindano inapanda, na mguu wako unajua hasa kinachotokea kwa kila milimita unayoongeza. Ni kweli. Niseme wazi kwamba nikiwa peke yangu barabarani, usiku, sehemu yenye kona, mimi niko upande huu, na hakuna grafu itakayonitoa. Shida ni kwamba hizo 6,900 utazifikia wapi? Kwa gia ya pili tu umeshaipita 50 siku nyingi, na 50 ndiyo inayomhusu askari mwenye tochi aliyejibanza nyuma ya mwembe. Faini ni shilingi 30,000, na haimwulizi mtu kama farasi wake walikuja kwa turbo au kwa jasho lao.

Ushahidi mzuri wa hali hii uko kwenye RunX Z niliyoitaja. Injini yake ina ujanja: kwenye mizunguko kama 6,000 hivi inahamia kemu nyingine yenye kufungua vali zaidi, na hapo ndipo gari linapobadilika sauti na tabia. Zile za mwanzoni zilikuwa na ugonjwa unaojulikana. Bolti mbili zinazopeleka oili kwenye ujanja huo huchakaa au kukatika, na kemu ya juu haiwaki tena. Gari linabaki linatembea vizuri kabisa, limepoteza tu kile kitu pekee kilichofanya linunuliwe. Na wenye magari hayo? Wengi hawajui. Wanaweza kukaa miaka wakiisifia kemu iliyokwishakufa, kwa sababu hawajawahi kwenda huko juu kuisalimia.

Usiwacheke, ewe wa turbo, kabla hatujazungumzia sauti. Gurudumu la turbo limekaa katikati ya njia ya moshi, na likinyonya nguvu ya moshi hunyonya na mlio wake. Matokeo yake Volkswagen wenyewe walifikia kuweka kwenye Golf GTI kifaa kidogo karibu na kioo cha mbele, kinachotetemesha bodi ili dereva asikie muungurumo unaomstahili. Yaani unalipia injini, halafu unalipia na mtu wa kuiigiza. Kwa upande mwingine, wapo vijana wenye Vitz ya lita moja waliofunga spika inayotoa "pshiii" ya turbo kila wanapoachia mafuta. Mkiwaweka wote wawili kwenye taa za Morocco, sijui nani amlaumu nani.

HATUA YA NNE NA YA TANO, NIMEZIUNGANISHA KWA SABABU HELA IMEISHA

Kwanza kodi, nayo tuipite haraka kabla haijatuona. Tanzania, ushuru wa bidhaa hutazama ukubwa wa injini: kati ya cc 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, ikizidi hapo ni 10. Turbo haihesabiwi. Farasi 261 wa GR Yaris wanakaa kwenye cc 1,600 na wanalipiwa kama watoto wa shule, wakati Toyota Blade Master, hachibeki ya ajabu iliyobanwa injini ya V6 ya lita 3.5, farasi 280, bila turbo, inalipishwa kama mtu mzima. Na kwa kuwa hizo zisizo na turbo nzuri zote ni za zamani, zinakutana na ushuru wa uzee: gari likizidi miaka kumi, asilimia 30 juu. Kenya wamefupisha maneno. Gari lililozidi miaka minane haliingii. Maana yake mpenzi wa pumzi asilia wa Nairobi hawezi kuagiza ujana wake kutoka Japani. Atanunua ulioingia zamani, kwa mtu, kwa bei ya mapenzi.

Sasa fundi.

Turbo inataka oili safi, na inaitaka kwa wakati. Ile shafti inayoelea ikikosa oili kwa sekunde chache tu hujisaga. Kwa hali zetu, vumbi na foleni, badilisha kila kilomita 5,000 na usimsikilize anayekuambia oili ya Ulaya "inaenda hata elfu kumi na tano". Ukitoka kuiendesha kwa hasira usiizime hapohapo. Iache ingurume dakika moja au mbili ipoe, la sivyo oili iliyobaki kwenye turbo inaungua na kuganda kuwa masizi. Hapa wapo wanaofunga taima ya kuizima baadaye. Mimi nakushauri utumie njia ya asili: kaa ndani ya gari, jifanye unaongea na simu. Ni kisingizio kinachoheshimika, na majirani watadhani una biashara.

Petroli nayo ni suala. Daraja la juu la Japani hufika oktani 98 hadi 100, na hachibeki kali za huko, zenye turbo na zisizo nayo, zilipangwa kwa hayo. Ukizipa oktani ndogo, kompyuta inasikia mgongano ndani ya silinda na kurudisha nyuma mwako ili injini isipasuke. Mwenye turbo hupoteza zaidi hapa, kwa kuwa nguvu yake yote inategemea kushindilia. Ukiongeza na kijana wa kompyuta mpakato anayekuahidi farasi arobaini zaidi "kwa software tu, bosi", umekamilisha mazishi; limebaki kuchagua siku.

Asiye na turbo asijione mshindi. Ni kweli ana vitu vichache vya kuharibika: hana turbo, hana intakula, hana mabomba ya mpira ya kupasukapasuka. Lakini injini inayoishi kwa kuzungushwa hula oili, na mwenye nayo huwa amejiaminisha kwamba "haisumbui", basi hafungui boneti. Injini ya mwenye turbo hukaguliwa kwa hofu kila Jumapili. Ya mwenzake hukaguliwa siku ikilia. Nimeona zinavyokufa, na mara nyingi hiyo isiyosumbua ndiyo hutangulia.

Ukifika wakati wa kununua, mchukue fundi wako, si wa muuzaji, hata kama wa muuzaji ana ovaroli safi. Kwa yenye turbo mwambie alegeze klempu na kulichomoa bomba la hewa linaloingia kwenye feni. Tazama anavyofanya. Ataingiza vidole viwili, ashike ncha ya shafti, na kuitikisa taratibu huku ametazama pembeni, kwa sababu kazi hii inafanywa kwa kusikia. Ikicheza kidogo kwenda kushoto na kulia ni sawa. Shafti huelea kwenye oili, na gari likiwa limezimwa oili imeshuka. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, mwambie arudishe bomba. Kisha atapitisha kidole ndani ya bomba lenyewe. Unyevunyevu wa oili si ajabu, dimbwi ni msiba.

"Inavuja kidogo tu bosi, lakini inatembea."

"Kidogo kiasi gani, fundi?"

"Kidogo cha kawaida."

Hicho kipimo hakimo kwenye kitabu chochote cha Japani, lakini nenda kokote kuanzia Gerezani mpaka Kirinyaga Road utakikuta. Kitafsiri kwa kuzidisha mara tatu.

Kama ni Golf GTI ya kizazi cha tano, ile ya lita 2 na farasi 200, muulize na kuhusu vali za kuingizia hewa. Mafuta kwenye injini hiyo hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hayaoshi migongo ya vali, na masizi hujijenga hapo hadi injini inaanza kupumua kwa taabu. Kusafisha kunawezekana, ni kazi ya siku nzima na mikono michafu. Kwa isiyo na turbo, jaribio ni fupi zaidi: injini ikishapata moto, omba ruhusa, ipeleke mpaka juu kabisa, mara moja, barabara ikiwa tupu. Muuzaji akishika dashibodi na kusema "hapana hapana, hii haitaki hivyo", amekwambia yote.

Sikiliza pia anavyosema anauza kwa nini, maana naye ana visingizio vyake na ni jamaa wa visingizio vyetu. Mwenye turbo huuza kwa sababu "familia imeongezeka", ingawa gari lina milango mitano tangu aliponunua. Asiye na turbo huuza "ili apate mtaji". Anayesema "taa ya injini inawaka lakini ni sensa tu" yuko pande zote mbili, na sensa yenyewe ingekuwa ndogo hivyo angeshaibadilisha. Anayekuambia gari lilikuwa la mwanamke aliyelitumia kwenda kanisani, muulize kanisa lipi lenye maegesho yanayomaliza tairi za mbele namna ile.

Mwisho kabisa, usikubali kulikuta linanguruma. Moshi wa bluu wa oili inayopita kwenye turbo au kwenye ringi hupenda kujitokeza gari linapowashwa likiwa baridi, na muuzaji mzoefu huliwasha nusu saa kabla hujafika ili likupokee likiwa limeshajisafisha. Weka kiganja kwenye boneti kabla ya kusalimiana. Likiwa na joto, sifia rangi, kunywa soda uliyokaribishwa, aga vizuri, kisha rudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu. Akitoka na kanga au msuli akuulize kulikoni mapema hivyo, mwambie una safari ya Morogoro, ukaona upite.